Umepata Keja Subukia? Hivi Ndivyo Utaipanga na Fanicha za Mtumba Bila Kuzama kwa Madeni

Umepata job Subukia. Labda umetumwa kufunza, labda ni agrovet, labda ni Nairobi imekunyorosha mpaka ukaamua kurudi karibu na ocha. Renti ya kwanza umelipa, diposi umelipa, keyateka amekupa funguo. Sasa umesimama katikati ya rumu tupu na begi moja, ukikohoa sauti inakurudia kutoka kwa ukuta. Ikifika saa mbili usiku ndio unajua kwamba hata kama ikweta inapita hapo tu karibu na barabara ya Nyahururu, baridi ya hili bonde haijui mambo ya ikweta.

Hapo ndipo wasee wengi huteleza. Simu iko mkononi, Fuliza inakukonyezea, na kuna duka mahali Nakuru linauza sofa la kona kwa lipa polepole. Unalibeba. Linang'aa, unapiga picha, unaweka status. Mwezi wa sita kochi limezama katikati kama barabara ya mashambani, na deni bado lina miezi sita mbele.

Kuna njia nyingine, na si ya watu waliosota pekee. Fanicha ya zamani, ukijua kuichagua, mara nyingi ni mbao halisi. Fanicha mpya ya bei rahisi mara nyingi ni vumbi la mbao lililoshikanishwa na gundi, likavalishwa karatasi yenye picha ya mbao. Kwa hivyo doo kidogo uliyo nayo inunue mifupa kwanza. Rangi utapaka mwenyewe Jumamosi.

Mbao si bei ya nyanya

Kwanza ujue kwa nini fundi akikutajia bei ya kitanda kipya unahisi kama amekutukana. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti kwenye misitu ya umma. Ilianza kama mambo ya siku 90, ikaongezwa na kuongezwa, hadi Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza akiwa Molo kwamba imeondolewa. Hata hapo watu wakaenda kortini. Kwa hiyo miaka yote, watu wa kupasua mbao huku kwetu, Molo, Elburgon na kwingineko, walikuwa na shida ya magogo, na shida ya magogo inaishia kwa bei ya kitanda chako.

Lakini kitanda kilichotengenezwa kabla ya hapo hakijui hizo stori. Mbao yake ilikauka kitambo, kama ni ya kujipinda ilishajipinda. Nyingi utakazokutana nazo ni saiprasi, ile nyeupe-manjano yenye harufu tamu ukiikwaruza. Ni laini, kucha inaacha alama, lakini inapokea rangi vizuri na fundi yeyote anaijua. Mukima ni ngumu kiasi na ina madoadoa mazuri, hiyo usifunike na rangi, ipige vanishi. Ukibahatika kupata mutarakwa, nyekundu, inanukia kama penseli, chukua bila kuongea mingi. Huo ndio mti ambao wazee wanaweka kwa nguzo za ua kwa sababu mchwa hauupendi. Mahogani na mvule zikikujia kwa bei ya saiprasi, jua muuzaji hajui ana nini, na si kazi yako kumfunza.

Pa kusaka

Usikimbilie Nakuru mjini kwanza. Ni kama kilomita 40, na usafiri utakula kile ulichookoa kwa bei. Angalia juu ya mlima. Laikipia University iko kwenye hiyo barabara yako ya kwenda Nyahururu, na kila semista ikiisha kuna wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotaka kurudi kwao na begi, si na kitanda. Meza ya kusomea, rafu ya vitabu, kitanda cha futi tatu na nusu, stuli. Wanauza wiki moja ya mwisho, na siku ya mwisho kabisa bei inaanguka kabisa. Kama uko upande wa Njoro, Njokerio nje ya Egerton ni hadithi hiyo hiyo, na watu ni wengi zaidi.

Pili, watu wa transfa. Polisi, mwalimu, nesi. Barua ikija leo, anatakiwa kuripoti Garissa ama Migori hivi karibuni, na kanta ya kubeba nyumba nzima inagharimu kuliko hiyo nyumba yenyewe. Hao hawatangazi onlaini, wanaambia jirani na mama wa duka. Kwa hivyo ongea na mama wa duka. Mwambie unatafuta nini, umwachie namba, ununue na mkate.

Tatu, stoo ya ocha. Nenda kwa shosho yako ama wa rafiki yako, fungua ile nyumba ya kando ambayo imejaa magunia ya mahindi na dawa za ng'ombe. Utakuta kabati ya vyombo yenye milango ya kioo, viti vya mgongo wima, meza ambayo kuku wamelalia miaka kumi. Shosho hatakuuzia. Atakupa, lakini uende na sukari na unga, na usikie stori ya hiyo kabati mpaka mwisho.

Facebook Marketplace na magrupu ya WhatsApp za Nakuru zina vitu, ila sheria ni moja: usitume pesa kabla hujagusa mbao. Hata iwe ni "diposi ya kukushikia". Na ukienda kuona, nenda mchana na mtu.

Halafu hii isome polepole. Ukiona mtu anauza dawati la shule, kitanda cha deki cha bweni, ama kiti chenye namba imepakwa rangi mgongoni, rudi nyuma. Shule na ofisi za serikali zinauza vitu vyao vilivyochakaa kwa utaratibu wa sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015, yaani kwa tenda ama mnada wa wazi, na unapewa risiti. Jamaa wa pikipiki anayekuuzia dawati usiku hana hiyo risiti. Kifungu cha 322 cha sheria za jinai kinasema ukipatikana na mali ya wizi ukijua ama ukiwa na sababu ya kushuku ni ya wizi, unaweza kula hadi miaka 14 ndani. Hiyo stuli haiko hivyo tamu. Ukinunua kwa mtu usiyemjua, andikiana naye karatasi, piga picha ya kitambulisho chake, lipa kwa M-Pesa ili tarehe na jina vibaki.

Kagua kama daktari

Hapa ndipo pesa inaokolewa ama inapotea, kwa hivyo usione aibu kulala chini ya meza ya mwenyewe ukimulika na tochi ya simu.

Inua kona moja. Mbao halisi ina uzito unaoeleweka na ukiigonga inajibu kwa sauti moja. Chipubodi ni nzito lakini ikigongwa inatoa sauti iliyokufa, na ukiangalia chini ama nyuma, mahali ambapo hakuna karatasi, utaona chembechembe kama ugali wa jana. Ikiwa imeshaingia maji, imevimba kando kama mkate, iache. Chipubodi iliyovimba hairudi, hata umlete fundi wa ikulu.

Tikisa. Kiti kinachocheza si kibaya, viungo vyake vimeachia gundi tu, na hiyo ni kazi ya shilingi chache. Kiti ambacho mguu umepasuka kufuata urefu wa mbao, ama mtu alishapigilia misumari mitano mahali pamoja, hicho kina shida ya kweli. Vuta droo mpaka itoke yote uangalie kona: kama vipande vimeshikana kama vidole vya mikono miwili, aliyeitengeneza alikuwa na heshima na kazi yake. Kama ni stepla tu, punguza bei.

Tafuta matundu madogo kama ya sindano. Matundu peke yake ni historia. Matundu yenye unga mpya mweupe chini yake ni wadudu ambao bado wako kazini. Yakiwa matano, sita, utavuta dawa ya mchwa ya hadwea kwa sindano, utie tundu kwa tundu ukiwa umevaa glovu, kisha kitu kikae nje siku kadhaa. Yakiwa mia, mwachie mwenyewe.

Na sasa kunguni. Manze, nisikilize. Mimi nilishawahi kununua kochi Nakuru kwa jamaa mmoja mpole sana, bei tamu, hata alinisaidia kupakia kwa pikapu. Wiki ya pili nilikuwa najikuna kazini mpaka bosi akaniuliza kama niko sawa. Wiki ya tano kochi liliungua nyuma ya ploti na godoro langu likafuata. Ile bei tamu ilinikalia kwa koo mwaka mzima. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula akikungoja, kwa hivyo kusema "kimekaa stoo muda mrefu" si dawa. Chukua kadi ya zamani, ipitishe kwa mishono, chini ya kitambaa, kwenye matundu ya skrubu za kitanda. Ukiona nukta nyeusi kama za kalamu, maganda ya kahawia, ama mwenyewe akitembea, ondoka na usikae hapo hata kwa chai.

Kwa sababu hiyo: godoro la mtumba, hapana. Hata la rafiki. Godoro ndilo kitu kimoja unachonunua kipya. Fremu ya kitanda ya mbao ama chuma unaweza kuchukua, ila kabla haijaingia nyumbani imwagie maji yanayochemka kwenye viungo vyote. Joto likishapita digrii 50 hivi kunguni na mayai yake hawatoboi, lakini jua la Subukia pekee halifiki hapo, usijidanganye kwa kuanika.

Sofa ya mtumba chukua mifupa tu. Pasua kile kitambaa cheusi cha chini uone mikanda ama spiringi. Kama fremu ni mbao na imesimama wima, toa foamu yote ya zamani, tupa, weka mpya. Ukihesabu foamu, kitambaa na fundi, unaweza kupata kwamba sofa ni kitu cha mwaka ujao. Si aibu. Wageni wako watakalia kitanda na stuli, na wakikucheka wakuletee kochi.

Doo inaenda wapi

Tuseme uko na thao 15 na si zaidi. Godoro jipya na fremu ya mtumba vikule karibu nusu, kwa sababu hapo ndipo mgongo wako unalala kila siku. Meza moja imara na viti viwili vinafuata. Kisha kitu cha kuweka nguo. Vifaa vya kurekebisha, yaani msasa, gundi, anda koti, rangi na brashi mbili, tenga thao mbili na uzilinde, maana wengi hununua fanicha nyingi halafu wanakosa za kupaka rangi, keja inabaki inafanana na mnada. Na usafiri uwe kwa hesabu kutoka siku ya kwanza. Vitu ambavyo vinafunguka vinaingia kwa Probox ama juu ya mat. Vitu visivyofunguka vinataka pikapu, na pikapu inataka ujaze safari moja. Kwa hivyo usinunue kabati Jumanne na meza Ijumaa. Kubaliana na wauzaji wote siku moja, mkusanye mara moja.

Kuhusu paleti za mbao ambazo kila mtu wa Instagram anatengenezea kitanda: ni sawa, ziko rahisi, ila angalia muhuri uliochomwa kando. HT inamaanisha mbao ilitibiwa kwa joto, chukua. MB inamaanisha ilipulizwa methyl bromide, ile gesi ya sumu ya kuua wadudu, hiyo isilale chini ya kichwa chako. Isiyo na muhuri wowote, hujui ilibeba nini, iwe ya kuku.

Jumamosi ya kazi

Tafuta nafasi nje, siku kavu. Machi hadi Mei sahau, na Julai na Agosti huku pia mvua haichezi mbali. Januari na Februari ndio zenyewe. Hata hivyo asubuhi kuna ukungu na mbao inashika unyevu, kwa hivyo paka rangi kati ya saa nne na saa nane, jua likiwa limeamka.

Anza na kuosha. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa, ikauke kabisa. Mafuta ya kupikia ya miaka kumi yakibaki, rangi itabanduka hata uweke mikono mitano.

Halafu viungo. Kiti kinachocheza usikipigilie msumari, msumari unapasua mbao na unaficha shida. Kifungue taratibu, kwaruza gundi ya zamani mpaka uone mbao, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya nzee. Paka gundi nyeupe ya mbao, rudisha, kisha funga kwa tyubu ya baiskeli ukiizungusha na kuivuta kwa nguvu. Hiyo tyubu ni kibano cha bure, mafundi wote wa jua kali wanaijua. Acha mpaka kesho. Usijaribu kukalia "kuona tu".

Mashimo ya misumari changanya ule unga wa kupiga msasa na gundi, jaza, ikauke, laini. Ukipaka vanishi, unga uwe wa mbao ile ile, la sivyo itaonekana kama plasta.

Msasa: anza namba 80 kama kuna rangi nene, 120 kulainisha, 240 ya mwisho, na kila mara fuata mistari ya mbao. Kama rangi iliyopo ni ya mafuta na ni ya miaka mingi, inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hivyo lowesha kwanza, vaa barakoa, na watoto wa ploti wakae mbali. Huo uchafu usiufagie kwa shamba la sukuma wiki.

Anda koti mkono mmoja. Ikikauka, pitisha 240 kidogo, panguza, kisha rangi mikono miwili miembamba. Mkono mmoja mnene unaonekana fasta lakini unatiririka na unabaki ukinata. Kwa baridi ya huku ngoja siku nzima kati ya mkono na mkono, hata kama mkebe unasema masaa machache, hao hawakuandika wakiwa Subukia. Na rangi ikikauka kwa kidole si kwamba imekomaa. Ukiweka vitabu na sufuria siku ya pili vitashika, utang'oa na rangi. Wape wiki mbili.

Kitanda cha chuma chenye kutu: brashi ya waya, msasa, redi oksaidi, kisha rangi ya mafuta. Kile kelele chake cha usiku, ambacho majirani wanajua kuliko wewe, kata vipande vya ile tyubu uliyobaki nayo, weka kati ya chuma na chuma mahali zinaposhikana, kaza nati. Kimya. Droo inayokwama ipake mshumaa kwenye njia yake.

Ndani ya rumu

Ukuta ni wa landi. Uliza kwanza, na ukiruhusiwa uombe akupe kwa meseji, ndio diposi isije ikageuka stori siku ya kuhama. Ukuta mmoja wa rangi ya joto, kama udongo ama haradali, unatosha. Ukipaka zote nne rangi iliyokolea, bedsita inakuwa pango. Kama ni nyumba ya mbao ama mabati, pesa ya rangi ielekeze kwa pazia zito na kapeti ya mtumba, hizo ndizo zinakupunguzia baridi. Kapeti pia ikaguliwe kwa ile kadi.

Rafu ndefu iweke katikati kutenganisha kitanda na meza, mgeni akija asikae akitazama blanketi yako. Lakini chochote kirefu kuliko kifua chako kifunge kwa ukuta na bati la kona na skrubu. Si kwa ajili ya watoto wanaopanda tu. Tarehe 6 Januari 1928 hapa hapa Subukia palipiga tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Kenya, ardhi ikapasuka kando ya huo mlima unaouona ukielekea Nyahururu. Wengi waliozaliwa huku hawajawahi kuisikia. Skrubu mbili ni bei ya chapo.

Vitambaa vya mamako vya kushonwa kwa mkono, vile alikupakia kwa begi ukakasirika, vitoe. Juu ya meza ya mukima iliyopigwa vanishi vinakaa vizuri kuliko kitu chochote utakachoona onlaini, na akikuja kukutembelea ataviona kabla hajaona kitu kingine.

Kama bado umebaki na viti viwili badala ya vinne, tulia. Namba yako iko kwa mama wa duka, na huko juu semista haijaisha.